Acheni Kuiita Njia ya Mkato

Kuna sentensi moja imenichosha. Naisikia barazani, naisikia kwenye daladala, naikuta kwenye makundi ya WhatsApp ya familia, na sasa imeanza kuandikwa na watu ambao kalamu zao naziheshimu: eti anayekwenda kupasuliwa ili apungue uzito ni mvivu, ametafuta njia ya mkato, angefunga mdomo tu. Majuzi nimeisoma ndani ya insha nzuri kabisa kuhusu maisha ya mjini. Mwandishi alikuwa anapita tu, hakukusudia kukaa hapo, lakini katika kupita kwake akaupanga upasuaji wa kupunguza uzito rafu moja na kope za bandia na krimu za kujichubua. Wasomaji wakacheka. Mimi sikucheka.

Nasema hivi. Upasuaji huu ni tiba ya ugonjwa. Una aina kadhaa zisizofanana, una faida zilizopimwa, una hatari na gharama zinazolipwa maisha yote, na mgonjwa ana haki ya kuelezwa yote hayo kwa lugha anayoota nayo ndoto. Anayeuita uvivu na anayeuuza kama urembo ni ndugu wa tumbo moja. Wote wawili humwacha mgonjwa bila maelezo, mmoja kwa kumtia aibu, mwingine kwa kumtia tamaa.

Sisi huku ni watu wa maneno, basi tuanze na neno. Wataalamu wetu wa lishe wanaita hali hii kiribatumbo. Kama neno nalipenda, lina picha na lina asili. Kiriba ni ule mfuko wa ngozi wa kubebea maji. Lakini hebu itazame hiyo picha: mfuko haujijazi. Yuko mtu anayeujaza. Kabla mgonjwa hajafungua kinywa kueleza shida yake, jina la ugonjwa limeshamsomea hukumu. Na hilo ndilo neno la heshima! Mitaani tuna bonge, kibonge, tipwatipwa, na tuna konda anayemwambia mama wa watu mbele ya abiria wote, "Mama, wewe lipa siti mbili."

Na tusijifanye tumewahi kuwa na msimamo mmoja juu ya unene. Bibi harusi akiongezeka mwili baada ya ndoa tunasema amenawiri, mume anamtunza. Mwanamume akiota kitambi, mambo yake safi. Halafu kuna jambo ambalo wanaoandika kuhusu "ulafi wa mjini" hulisahau kabisa. Mwaka 1985 madaktari waliandika katika jarida la Lancet kuhusu ugonjwa mpya nchini Uganda, ambao wananchi wenyewe walikuwa wameshaupa jina: slim. Ulikuwa UKIMWI. Kwa kizazi kizima baada ya hapo, pande zetu hizi, kukonda kulikuwa ni habari ya msiba. Mimi nimekulia ndani ya kizazi hicho. Nimewaona watu wazima wakila bila hamu ili majirani wasinong'one kwamba fulani ana miwaya. Sasa wale wale, na watoto waliowalea, ndio tunawageuzia kibao na kuwauliza kwa nini ni wanene.

Lakini kiini cha ubishi wangu hakiko kwenye historia. Kiko mwilini. Anayesema "afunge mdomo" anaamini kwamba uzito ni hesabu ya mwenye duka: kilichoingia, kilichotoka, na nia ya mtu katikati. Mwili haufanyi hesabu hiyo. Mwaka 1999 watafiti wa Japani waligundua homoni ya grelini, ambayo hutoka zaidi kwenye sehemu ya juu ya mfuko wa chakula na kuuambia ubongo: njaa. Mwaka 2002 David Cummings na wenzake, huko Seattle, wakachapisha kipimo ambacho kila mwenye kutoa ushauri wa bure angepaswa kukijua. Watu wanene waliopungua kwa kujinyima chakula, grelini yao ilipanda. Yaani kadiri walivyofaulu, ndivyo mwili ulivyozidi kuwapigia kelele wale. Waliofanyiwa baipasi ya mfuko wa chakula, grelini yao ilikuwa chini mno, pamoja na kilo zote walizopoteza.

Kuna na hii ya pili. Mnakumbuka kile kipindi cha televisheni cha Marekani, The Biggest Loser, watu wanashindana kupungua kwa mazoezi ya kufa mtu? Kevin Hall na wenzake waliwafuatilia washindani 14 hadi miaka 6 baadaye, wakachapisha mwaka 2016. Wengi walikuwa wamerudisha sehemu kubwa ya uzito. Na miili yao, miaka 6 baada ya kamera kuzimwa, ilikuwa bado inachoma karibu kalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa kwa watu wa ukubwa wao. Hiyo ni kama sahani ya wali na maharage ambayo mwenzako wa uzito huo huo anaila bila kunenepa, wewe ukiila inakuongezea. Uvivu uko wapi hapo? Mwenye shibe hamjui mwenye njaa, walisema wazee. Basi hapa methali ichukuliwe kama ilivyo, neno kwa neno.

Dada yangu ameniruhusu nimwandike, mradi nisitaje jina wala mtaa. Ni mwalimu wa shule ya msingi, miaka 44. Alikuwa na kilo 118 kwa urefu wa sentimita 160, yaani BMI ya 46. Kisukari cha aina ya pili mwaka wa tisa, sindano za insulini asubuhi na jioni, magoti yamekwisha, na usiku pumzi zinakatika usingizini hadi shemeji anamtikisa kwa hofu. Mara tatu aliwahi kupungua kwa jasho lake. Mara ya pili zilitoka kilo 19, kwa miezi minane ya kutembea alfajiri kabla ya kwenda kazini na samaki wa kuchemsha kila jioni, huku watoto wakila chapati mezani pale pale. Mara zote tatu kilo zilirudi na nyongeza juu. Mtu akimwita huyu mvivu mbele yangu, huwa namuuliza yeye mwenyewe ni lini mara ya mwisho aliamka saa kumi usiku, miezi minane mfululizo, kwa jambo lolote lile.

Sasa tuje kwenye kisu chenyewe, maana watu wanakisema kana kwamba ni kimoja.

Unaofanywa zaidi duniani siku hizi unaitwa slivu, yaani mkono wa shati. Kupitia matundu madogo tumboni, daktari hukata na kutoa kama robo tatu au zaidi ya mfuko wa chakula, akabakiza mrija mwembamba wenye umbo la ndizi. Kilichotolewa kimetolewa, hakuna kurudi nyuma. Watu hudhani kazi yake ni kupunguza nafasi tu, kama kuhamia chumba kidogo. La. Sehemu inayoondoka ni ile ile inayotoa grelini nyingi, kwa hiyo njaa yenyewe hupungua sauti. Utumbo hauguswi. Ubaya wake mkubwa wa kila siku ni kiungulia: asiyekuwa nacho anaweza kukipata, aliyekuwa nacho kinaweza kumzidi.

Baipasi ni habari nyingine. Edward Mason wa Chuo Kikuu cha Iowa ndiye aliyeianza, mwaka 1966, na imerekebishwa sana tangu hapo. Hutengenezwa kifuko kidogo juu kabisa ya mfuko wa chakula, cha mililita 30 hivi. Chukua vijiko viwili vya mezani vya maji, ndio ujazo huo. Kifuko hicho huunganishwa moja kwa moja na utumbo mwembamba huko chini, chakula kikaruka sehemu kubwa ya mfuko na mwanzo wa utumbo. Mfuko wa zamani hautolewi. Unabaki humo ndani ukitoa maji yake ya kuyeyushia chakula, ila chakula hakipiti tena. Mpangilio huo mpya hubadilisha homoni zinazotoka utumboni, zikiwemo zile zinazoliamsha kongosho litoe insulini. Ndiyo maana kwa wenye kisukari cha aina ya pili sukari mara nyingi hushuka ndani ya siku chache, kabla hata mizani haijasogea. Ubaya wake: ukila kitu chenye sukari nyingi, soda, halua, kashata, kinafika utumboni ghafla na mwili unakuadhibu hapo hapo. Jasho, moyo kwenda mbio, tumbo kuvuruga, kizunguzungu. Na kwa kuwa umeruka sehemu ya utumbo inayofyonza madini, utadaiwa vitamini mpaka kaburini.

Zipo baipasi nyingine, ya muunganiko mmoja, na ile inayoruka utumbo mrefu zaidi, ambayo hupunguza kilo nyingi na kudai virutubisho vingi kupita zote. Sitakaa huko. Uko pia mkanda wa silikoni unaofungwa juu ya mfuko wa chakula, ambao Marekani iliuruhusu mwaka 2001 ukavuma kweli kweli. Leo umeachwa sehemu nyingi, kwa sababu wengi walirudi kwenye meza ya upasuaji kuutoa au kuurekebisha. Ukiona mtu bado anakuuzia mkanda kama habari mpya, shtuka.

Na puto. Puto ndilo lililoingia midomoni mwa watu hapa kwetu tangu Mloganzila ianze kuliweka, na ndilo lililochekwa kuliko yote. Puto si upasuaji. Hushushwa kupitia kinywani, kwa mpira wenye kamera, likajazwa maji ya chumvi humo ndani ya mfuko wa chakula ili mtu ashibe mapema. Hukaa miezi 6, aina nyingine hadi 12, kisha hutolewa. Linapotoka, grelini iko pale pale, ubongo ni ule ule. Kwa mtu anayehitaji kupungua kiasi, au anayetakiwa kupungua kwanza ili aweze kupasuliwa kwa usalama, ni msaada wa kweli. Lakini kumwekea puto mtu wa BMI 46 na kumwacha aamini kwamba ameshatibiwa ni kumpangisha nyumba na kumwambia ameinunua.

Kuna kitu cha tano ambacho hakimo kabisa kwenye familia hii, na ndicho kinacholeta fujo yote: kunyonya mafuta. Huo ndio urembo. Mwaka 2004 ulichapishwa utafiti wa Marekani ambapo wanawake 15 wanene walinyonywa karibu kilo 10 za mafuta ya tumboni kila mmoja. Sukari haikubadilika, presha haikubadilika, mafuta ya kwenye damu hayakubadilika. Mafuta ya chini ya ngozi yaliondoka, ugonjwa ukabaki umekaa pale pale. Kwa hiyo mwandishi anapoweka baipasi na kunyonya mafuta kwenye sentensi moja, anachanganya vitu viwili ambavyo vipimo vimeshavitenganisha zaidi ya miaka 20 iliyopita. Na mchanganyo huo una bei. Dada yangu alipopeleka barua ya daktari kwenye bima yake, alijibiwa kwa mstari mmoja: huduma za urembo hazigharamiwi. Familia iliuza kiwanja. Yule karani wa bima na yule mwandishi wa insha hawajuani, lakini waliandika sentensi ile ile.

"Lakini wanakufa," mtu ataniambia. Wapo wanaokufa, na ni lazima lisemwe. Katika utafiti mkubwa wa Marekani wa watu 4,776, uliochapishwa mwaka 2009, waliofariki ndani ya siku 30 za upasuaji walikuwa karibu 3 katika kila 1,000. Hizo ni hospitali zenye uzoefu. Mahali ambapo daktari anajifunzia kwako, usitegemee namba hiyo. Ila hesabu yenye pande mbili haisomwi upande mmoja. Sweden walianza mwaka 1987 kuwafuatilia watu zaidi ya 4,000, nusu wamepasuliwa, nusu wakipata matibabu ya kawaida. Matokeo ya mwaka 2007 yalionyesha kwamba hatari ya kufa kwa waliopasuliwa ilikuwa chini kwa karibu asilimia 29 baada ya kusawazisha umri, jinsia na mengineyo. Baada ya miaka 10 waliofanyiwa baipasi walikuwa bado wako chini kwa robo ya uzito wao wa mwanzo. Na tusidanganyane: hata hao hawakufikia umri wa watu wengine wa Sweden. Tiba iliwasogeza, haikuwafuta ugonjwa.

Upande wa kisukari, wagonjwa 150 huko Cleveland waligawanywa kwa bahati nasibu: dawa peke yake, dawa na slivu, dawa na baipasi. Baada ya miaka 5, sukari ilikuwa imerudi kiwango kilicholengwa kwa asilimia 29 ya kundi la baipasi, asilimia 23 ya slivu, na asilimia 5 ya dawa peke yake. Angalia vizuri namba hizo. Si 100. Anayekuahidi kwamba utapona kisukari anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Lakini 29 kwa 5 si mchezo, hasa kwa mtu ambaye insulini inakula mshahara.

Ndiyo maana vigezo vimelegezwa. Tangu mwaka 1991 madaktari walitumia BMI ya 40, au 35 kwa mwenye magonjwa mengine. Mwaka 2022 vyama vya kimataifa vya madaktari wa fani hii vikashusha: 35 hata bila ugonjwa mwingine, na 30 kwa mwenye kisukari au magonjwa ya aina hiyo aweze kufikiriwa. Kufikiriwa, si kulazimishwa.

Sasa nawageukia wauzaji, maana nimewaacha wapumue muda mrefu. Fungua Instagram. Picha ya kabla, picha ya baada, nyota nyota, namba ya simu, "kifurushi" cha Uturuki au India pamoja na hoteli na kutembezwa mjini. Upasuaji na utalii kwenye risiti moja! India imewatibu Watanzania wengi na ina madaktari hodari. Sina ugomvi na ndege. Ugomvi wangu ni siku ya kumi, umesharudi nyumbani, homa inapanda, na aliyekushona yuko bara jingine. Kwenye matangazo hayo hakuna hata moja linalotaja vidonge vya vitamini kila siku ya maisha yako, sindano za B12, madini chuma, kalisiamu, na kupimwa damu kila mwaka. Halitaji nywele kunyonyoka miezi ya mwanzo, ngozi kulegea, mawe kwenye kifuko cha nyongo. Halimwambii dada wa miaka 28 kwamba mimba inapaswa kusubiri miezi 12 hadi 18, na kwamba uzazi wake unaweza kurudi kwa kasi asiyoitarajia. Halimwambii mnywaji kwamba baada ya baipasi bia moja itampanda kama tatu, na kwamba wapo walioacha kula wakaanza kulewa. Halimwambii anayefunga Ramadhani kwamba kunywa maji kidogo kidogo mchana kutwa ni sehemu ya tiba, hivyo amuulize daktari kwanza, kisha sheikhe.

Hiyo ndiyo njia ya mkato mnayoisema? Mimi naona njia ndefu, na haina kituo cha kushukia.

Kuna hoja mbili za watu wenye akili zao ambazo siwezi kuziruka. Ya kwanza: siku hizi kuna sindano. Kweli zipo, na zimebadilisha mambo. Dawa ya semaglutide ilipojaribiwa, watu walipungua kwa wastani wa karibu asilimia 15. Ila walioiacha, ndani ya mwaka mmoja theluthi mbili ya kilo zilizotoka zilikuwa zimerudi. Ni tiba ya kuendelea nayo, na kwa bei ilivyo madukani kwetu, ni mwalimu gani wa shule ya msingi ataendelea nayo miaka 20? Siku bei ikishuka nitaandika insha nyingine kwa furaha. Ya pili: kinga ni bora, tushughulike na soda, mafuta na miji isiyo na njia za kutembea kwa miguu. Sawasawa, nipo pamoja nanyi; tafiti za kitaifa za mwaka 2022, Tanzania na Kenya, zote zilikuta zaidi ya theluthi moja ya wanawake wana uzito uliozidi. Lakini hakuna anayesimama kando ya kitanda cha mgonjwa wa malaria na kumwambia angelala ndani ya chandarua. Tunamtibu, na chandarua tunagawa. Kwa nini hapa tu ndipo tiba na kinga zigombane?

Dada yangu sasa ana miezi 14 tangu afanyiwe. Kilo 81. Insulini ameacha, amebaki na kidonge kimoja. Analala bila kukatika pumzi. Na mtaa mzima hakuna anayejua. Anawaambia ni maji ya ndimu asubuhi na kutembea. Namwelewa, aliwahi kumsikia mwalimu mwenzake akimwita aliyewekewa puto "mwizi wa mwili", na akajiapiza. Basi sasa kuna wanawake wanne mtaani kwake, mmoja ana kisukari kama chake, wanaamka alfajiri kunywa maji ya ndimu na kusubiri wapungue kilo 37. Huyo mwenye kisukari alimwambia dada, "Mwenzangu, mbona mimi sipungui, au nakosea kipimo cha ndimu?" Dada alinisimulia hilo huku analia. Mnaoandika sentensi yenu ya uvivu mkidhani ni utani wa kupita, yule mama mwenye glasi mkononi ni msomaji wenu.

Nimeliacha la fomu mwisho kwa sababu ndilo linalonikera zaidi. Hospitali siitaji. Siku ya kusaini ridhaa, dada alipewa karatasi nne za Kiingereza, na nesi mpole akamwonyesha kwa kidole: saini hapa, hapa, na hapa, mwalimu. Fomu ilisema slivu. Nikaomba tupewe hadi kesho yake. Usiku ule nilikaa jikoni na kalamu. Palipozungumzwa hatari ya kuvuja, fomu ilikuwa na maneno mawili. Mimi niliandika: pale paliposhonwa panaweza kuachia, uchafu ukamwagika tumboni, dalili ni homa, moyo kwenda mbio, maumivu ya tumbo yanayopanda hadi bega la kushoto, usingoje asubuhi. Palipozungumzwa kiungulia niliandika mistari mitatu. Nikaongeza ukurasa mmoja wa kulinganisha slivu na baipasi, kwa namba hizi hizi nilizowapa hapa.

Dada aliusoma mara mbili, kimya, kama anasahihisha madaftari. Kesho yake akamwambia daktari, "Daktari, mimi nina kiungulia tangu nijifungue mtoto wa kwanza, na kinachoniua ni sukari. Kwa nini isiwe hii ya pili?" Daktari akavuta kiti, akakaa. Walizungumza dakika arobaini, kwa Kiswahili, na alikuwa anakijua vizuri tu. Wakaagiza kipimo cha kamera kuangalia hali ya koo la chakula, na kilipotoka wakabadilisha. Akafanyiwa baipasi.

Tulipokuwa tunatoka, nesi aliniomba zile kurasa zangu. Alizipiga picha kwa simu moja baada ya nyingine, akasema kuna mama mwingine anasaini Alhamisi.